Kugawana LUKU kwenye nyumba ya kupanga bila kununiana

Vyumba sita, mita moja. Mtindo wa nyumba nyingi za uswahilini, Manzese hadi Tandika, ni mtu kupita mlango kwa mlango: "Leteni elfu tano tano ya umeme." Mwenye friji anatoa chapuchapu, mwenye taa moja ananuna. Ana haki ya kununa.

Piga hesabu hivi. Wati za kifaa zidisha kwa saa kinazowaka kwa siku, gawanya kwa 1,000, halafu zidisha kwa 30: unapata uniti za mwezi. Taa ya wati 9 inayowaka saa tano haifiki uniti moja na nusu. Tivii ya wati 50 kwa saa sita ni uniti 9. Feni ya wati 60 usiku kucha, saa nane, ni 14 na kitu. Friji usiihesabu kwa wati, maana inajizima na kujiwasha. Ndogo ya mlango mmoja ikadirie uniti 0.9 kwa siku, yaani 27. Mpira wa mlango ukilegea itapita hapo.

Sasa tazama vyumba vitatu. Cha kwanza kina taa, tivii na feni: uniti 25. Cha pili kina hivyo hivyo pamoja na friji: 52. Cha tatu kina taa na chaji ya simu: 2. Kwa bei ya kawaida ya takriban shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo, cha kwanza kinadaiwa 8,900, cha pili 18,500, cha tatu 700 hivi. Mkigawana sawa, kila mmoja anatoa karibu 9,400. Huyo wa taa moja anamlipia jirani maji ya baridi.

Taa za korido, choo na uani gawaneni sawa. Aliyesafiri na kuchomoa kila kitu achangie hizo tu. Kodi ya majengo, inayokatwa kupitia LUKU tangu 2021, ni ya mwenye nyumba. Tunzeni meseji za manunuzi mumwonyeshe, airudishe au aipunguze kwenye kodi ya chumba.

Kinachovuruga hesabu zote ni hita ya koili iliyofichwa uvunguni. Kupasha ndoo ya lita 20 kwa kuoga kunakula karibu nusu uniti. Kila asubuhi kwa mwezi ni uniti 14, sawa na feni nzima. Hakuna haja ya kupekua vyumba vya watu, mita inasema yenyewe. Itazame usoni: kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni pameandikwa idadi ya mapigo kwa uniti moja, mara nyingi imp/kWh 1000. Kama ni 1,000, hesabu sekunde kati ya pigo na pigo, kisha gawanya 3,600 kwa sekunde hizo. Jibu ni wati zinazotumika nyumba nzima wakati huo. Pigo kila sekunde tatu ni wati 1,200. Hizo si taa wala tivii.

Jaribio hilohilo hukamata umeme unaovuja. Kila chumba kizime na kuchomoa, friji nazo, na taa za pamoja zizimwe. Kitaa kikiendelea kupepesa, kuna waya unaovuja au kuna aliyejiunga. Msifungue chochote wenyewe, itwe fundi mwenye leseni.

Dawa ya kudumu ni sabumita, yaani mita ndogo, moja kwa kila chumba, zifungwe baada ya meinswichi. Zisomwe tarehe moja kila mwezi, mbele ya wapangaji wawili, na namba zipigwe picha. Jumla yake itapungua kidogo kuliko mita kubwa kwa sababu ya taa za pamoja. Ikipungua sana, yuko aliyeunganisha kabla ya sabumita yake. Anayeuza barafu kwa friza asiingizwe kwenye mgao wa makadirio kabisa, huyo lazima awe na sabumita tangu siku ya kwanza.

Michango ianze kukusanywa uniti zikibaki 20, si taa zikishazima saa tano usiku. Mnunuzi awe mmoja kwa mwezi, kwa zamu, na meseji yenye namba 20 za LUKU airushe kwenye grupu la nyumba kabla hajaziingiza.