Kutafuta Joto Linakopotelea katika Banda la Vifaranga Linalopashwa kwa Kuni

Kati ya Juni na Agosti usiku wa Dodoma hushuka hadi nyuzi joto 13 au 14, na upepo wa kutoka mashariki huvuma kwa nguvu, ilhali kifaranga katika wiki yake ya kwanza anahitaji nyuzi joto 32 hadi 35, zinazopunguzwa kwa takriban nyuzi 3 kila wiki. Mfugaji mwenye jiko la kuni lenye bomba la moshi, akiwaona vifaranga wamerundikana, huongeza kuni. Tunamsihi asianzie hapo, kwa kuwa mara nyingi jiko linatoa joto la kutosha, ila banda ndilo linaloshindwa kulitunza.

Kipimajoto kining'inizwe usawa wa mgongo wa kifaranga, yapata sentimita 5 juu ya maranda, kwani kilichotundikwa usawa wa kichwa cha mtu humdanganya mfugaji. Kisha vifaranga wenyewe watazamwe: wakisongamana kulizunguka jiko, banda zima lina baridi, wakijazana kona moja, kuna upepo unaoingia kutoka upande mwingine.

Kwa tunavyoona, hasara kubwa kuliko zote iko kwenye paa. Hewa ya moto hupanda, na bati tupu, ambalo mchana huunguza, usiku hupoa upesi na kulipeleka nje joto lote linalolifikia. Katika banda moja la Chamwino tulilolikagua usiku wa Julai, matone ya maji yalikuwa yamejipanga upande wa chini wa bati na kudondokea maranda, ingawa jiko lilikuwa likiwaka vizuri kabisa. Dawa yake ni dari ya viroba vilivyofumuliwa na kushonwa pamoja, ifungwe mita 2 kutoka sakafuni. Pale bomba linapopita, viroba vikatwe nusu mita kila upande na pengo lifunikwe kwa kipande cha bati. Nyasi kavu zisitumike hapo kabisa, kwa sababu ya cheche.

Usiku upepo unapovuma, washa kijiti cha udi ukipitishe taratibu pembezoni mwa mlango na pale ukuta unapokutana na paa. Moshi ukiyumba ghafla, pana tundu. Nyufa zizibwe kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na mchanga. Wavu wa upande wa mashariki ufunikwe kwa turubai kuanzia chini kwenda juu, huku sehemu ya juu ikiachwa wazi kwa upana wa kiganja ili hewa chafu itoke.

Kuhusu moto wenyewe, kuni mbichi zinaweza kubeba maji hadi nusu ya uzito wake, na joto huishia kuyachemsha maji hayo badala ya kulipasha banda. Matawi ya mgunga yaliyopogolewa yapasuliwe na kuanikwa kwa miezi 6 hivi. Vipande viwili vikavu vikigonganishwa hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa mlio mzito. Masizi yanayong'aa kama lami ndani ya bomba ni dalili kwamba kuni hazijakauka au jiko linakosa hewa. Yakwanguliwe kila baada ya wiki mbili, maana tabaka lake huzuia joto kupita kwenye chuma. Bomba linalopanda wima moja kwa moja hadi nje huondoka na joto jingi. Ni afadhali lipite kwanza ndani ya banda, likipanda kidogo kidogo.

Maungio ya bomba yakandikwe vizuri, na jiko lisilo na bomba lisiwekwe kamwe katika banda lililozibwa, kwa sababu hewa ya sumu inayotokana na moto usiowaka vizuri haina rangi wala harufu, nayo huua vifaranga pamoja na mtu anayelala humo. Alfajiri mfugaji akihisi kichwa kizito, atoke nje mara moja na banda lifunguliwe. Akisikia macho yakimwasha kwa harufu ya kinyesi, turubai lishushwe kwa upana wa kiganja kingine kabla ya kazi nyingine yoyote.