Mzee asianguke: anza na choo

Kwetu Wete bibi analala chumba kimoja na mimi, na hatari yake kubwa ni alfajiri, anapoinuka kwenda kutawadha. Sakafu ya saruji yenye povu la sabuni ni utelezi mtupu, na mitalawanda, vile viatu vya mbao, juu yake ni balaa. Mpe viatu vya mpira vinavyoshika kisigino. Ukutani funga chuma cha kushikia, kwa skrubu. Msumari wa taulo hauhimili mtu. Kurunzi ikae karibu na mto, umeme wetu mnaujua.

Akiamka, akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, kizunguzungu kipite. Vidonge vya presha na vya usingizi huweza kukileta. Mwambie daktari, usimkatishe dawa mwenyewe. Mkeka unaoteleza na kanga inayoburura, viondoe bila mjadala.

Wazee huficha kuanguka. Bibi huniambia "mbu tu", na kiwiko kimevilia damu! Tazama kama anatembea akishika kuta, au ameacha ghafla kwenda harusini. Mpime: ainuke kitini, atembee mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi akae. Ikifika sekunde 12 au zaidi, mpeleke akaangaliwe.

Akianguka, msimnyanyue kwa pupa. Mguu ukiwa umefupika au umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika, msimsimamishe. Akijigonga kichwa naye anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, hospitali hapo hapo, hata akisema hajambo.