Sayansi ya kompyuta Marekani: anza na fedha, kisha mlango

Mwanafunzi wa Tanzania wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) mwenye Divisheni I ya pointi 3 kwa kawaida anaanza kuuliza chuo cha MIT kinataka alama ngapi za SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani. Aanze na hili: nani atalipa? Mwaka mmoja kwenye vyuo vikubwa binafsi, karo, malazi na chakula, unapita dola 80,000.

MIT, Harvard, Yale, Princeton, Dartmouth, Amherst na Bowdoin huamua kukupokea bila kuangalia mfuko wa mzazi, hata kama wewe ni mgeni, kisha hujaza pengo lote kati ya gharama na uwezo wa nyumbani. (Lugha ya kompyuta ya BASIC ilizaliwa Dartmouth mwaka 1964, kwa hiyo usikidharau kwa sababu hujazoea jina.) Stanford nayo hujaza pengo, ila ukiomba msaada, ombi hilo linaingia kwenye mizani. Berkeley, Illinois na Washington ni vya majimbo: kompyuta yao ni moto, lakini msaada kwa mgeni ni kama haupo. Carnegie Mellon ni cha binafsi, ila kwa msaada ni hivyo hivyo. Kama nyumbani hakuna hizo fedha, vifute.

Halafu mlango. Illinois, Berkeley na Carnegie Mellon wanakupokea moja kwa moja kwenye kompyuta, na mjanja anayeingia kwa kozi nyingine akitegemea kuhamia baadaye hukuta komeo. MIT au Yale unaingia chuoni kwanza, kozi unachagua ukiwa ndani. Hata hivyo MIT hupokea chini ya 5 kwa kila waombaji 100, na kwa wageni ni wachache zaidi. Orodha yako ya vyuo 8 isiwe na vigogo zaidi ya 4. Weka pia vyuo vidogo kama Grinnell, Macalester, na Berea ya Kentucky isiyomtoza mwanafunzi karo.

Kalenda zetu hazilingani. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, matokeo Julai. Maombi hufungwa Novemba 1 kwa awamu ya mapema na mwanzoni mwa Januari kwa ile ya kawaida. Kama shule yako haina mazoea ya kutoa makadirio ya alama, subiri matokeo, omba Novemba, uondoke Agosti inayofuata. Mwaka huo wa katikati si kosa. Kosa ni kuanza chuo hapa nchini ukingoja: vyuo vingi vitakuhesabu mwombaji wa uhamisho, na huko nafasi ni finyu zaidi.

Panapoharibika sana ni shuleni. Common App, fomu ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi kwa pamoja, inataka mshauri wa wanafunzi. Shule nyingi za Moshi na Arusha hazina, basi jaza mwalimu wa taaluma. Weka barua pepe anayoifungua kwenye simu yake, si ile ya shule ambayo nywila yake alikuwa nayo katibu aliyehama. Kaa naye aufungue ujumbe atakaotumiwa na Common App. Mara nyingi umezama kwenye folda ya taka (spam). Atatuma barua yake, alama zako za miaka minne, na wasifu wa shule wa ukurasa mmoja. Wasifu huo muandalie wewe rasimu. Uandike wazi kwamba kidato cha sita A inaanzia 80, B 70, C 60, na kidato cha nne A inaanzia 75. Bila hivyo msomaji wa Marekani akiona 72 ataisoma C, kumbe ni B yetu. Eleza pia kwamba pointi 3 ndiyo bora kuliko zote, maana kwake namba ndogo ni alama mbovu. Vyeti viskaniwe kwenye duka la steshenari, mhuri usomeke. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono haifai.

SAT siku hizi ni ya laptopu, saa 2 na dakika 14, kwenye programu ya Bluebook. Jisajili miezi miwili kabla, viti vya kanda ya kaskazini vikijaa utapanda basi kwenda Nairobi au Dar. Hesabu mtu wa PCM ataimudu. Alama zinadondokea kwenye kusoma, kwa hiyo mazoezi mengi yawe huko.

Fomu ya fedha, CSS Profile, isijazwe sifuri. Mzazi anayeuza kahawa mara moja kwa mwaka ana kipato: kilo mara bei, toa mbolea, dawa na vibarua, kisha ongeza maziwa na ndizi za sokoni. Sifuri inazaa swali la nani anakulisha. Ambatisha barua ya mtendaji wa kijiji na tafsiri yake. Ada ya fomu ikikushinda, andikia chuo mapema uombe namba ya kuiondoa.

Viza ya mwanafunzi, F-1, inaombwa ubalozini Dar es Salaam baada ya kupata I-20, fomu ya chuo inayothibitisha kwamba umepokelewa. Tangu 2025 Marekani imeweka vizuizi kwa raia wa nchi kadhaa za Afrika, na Tanzania iliingizwa kwenye orodha hiyo kuanzia Januari 2026, viza za wanafunzi zikiwemo, hivyo soma tovuti ya ubalozi kabla ya kulipia chochote.