Somo: Kukarabati paneli za milango na mikanda ya usalama ya gari la zamani katika hewa ya bahari

Anayeishi Shangani au Mikindani na kumiliki gari la zamani anajua jinsi chumvi inavyokula vyuma vilivyojificha nyuma ya leza (ngozi inayofunika viti na milango kwa ndani) na kapeti. Somo hili limetokana na kazi niliyoifanya kwenye Peugeot 504 yangu, ingawa linafaa kwa magari mengi ya miaka ya 1960 na 1970.

Hatua ya kwanza. Subiri masika yaishe na upepo wa kusi uanze kuvuma, kwa sababu gundi iliyopakwa kwenye ubao wenye unyevu huachia mapema. Ng'oa viti, kapeti na paneli za milango, ukipiga picha kila unapofungua kitu, na skurubu za kila mlango uzitie katika kopo lake.

Hatua ya pili. Hadibodi ya mlango, yaani ubao mwembamba unaovalishwa leza, huoza kuanzia chini, kwa kuwa maji ya mvua yanayopita kando ya kioo huingia ndani ya mlango na kutakiwa kutokea kwenye matundu ya chini, ambayo kwetu huzibwa na mchanga. Kuvalisha leza mpya juu ya ubao huo ni sawa na kumvika kanzu safi mtu aliyelowa. Zibua matundu kwanza, kisha kata plaiwudi ya milimita 3 kwa kufuata umbo la paneli ya zamani, uipake vanishi pande zote mbili na hasa kwenye kingo, ndipo uivute leza na kuigundisha kwa nyuma. Kabla ya kurudisha paneli, bandika nailoni nzito kwenye bati la mlango, ncha yake ya chini ukiichomeka ndani ya mlango ili maji yadondokee huko.

Hatua ya tatu ni mikanda, na hapa sina masihara. Vuta mkanda wote hadi mwisho, uukague kwenye mwanga wa jua: ukiona nyuzi zilizochanika, kingo zilizosagika, sehemu iliyopauka na kukakamaa, au ukijua kwamba gari liliwahi kugongana, nunua mwingine. Ulio mzima uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, bila dawa ya kung'arisha nguo na bila rangi, kisha uuanike kivulini ukiwa umevutwa wote.

Mimi niliwahi kumpelekea fundi cherehani mkanda uliofumuka, akaushona vizuri mno, nami nikautembelea miezi kadhaa kabla ya kuonywa. Mkanda wa pointi tatu, uliobuniwa na mhandisi Nils Bohlin na kuanza kutumika katika magari ya Volvo mwaka 1959, hugawa nguvu ya mgongano kati ya kifua na nyonga. Uzi wa kushonea suruali hauwezi kubeba nguvu hiyo. Niliukata vipande ili asije mtu akautumia.

Maswali ya wanachama

Shikamoo fundi. Nimefungua kile kisanduku kinachokunja mkanda, na sasa mkanda hautoki kabisa. Je, kimekufa?

Marahaba, mdogo wangu. Huenda ni kizima. Visanduku vingi vya aina hiyo hujifunga vinapoinamishwa, kwa hiyo kishike kama kilivyokaa garini, uachie mkanda urudi kidogo, kisha uvute polepole. Usikifungue ndani, kwani kina springi iliyokazwa.

Niko Lindi mjini. Bolti za mikanda zimeshika kutu. Je, nitumie bolti yoyote inayoingia?

Hapana. Bolti hizo ni za chuma kigumu, na katika magari mengi zina kipenyo cha 7/16 ya inchi na meno 20 kwa inchi, kwa hiyo bolti ya milimita inaweza kushika meno machache tu huku ukidhani imekaza. Chunguza pia bati linalozizunguka: likitoboka kwa bisibisi, linahitaji kukatwa na kuchomelewa upya.

Gari langu halikuwa na mikanda ya nyuma. Naweza kutoboa sakafu?

Tafuta kwanza chini ya kapeti na nyuma ya kiti, kwani baadhi ya magari yalitoka kiwandani yakiwa na matundu yenye nati, yaliyofunikwa kwa vizibo vya plastiki. Yasipokuwepo, mpelekee mchomeleaji anayeaminika aweke bamba nene la chuma, maana bati tupu la sakafu litachanika kama karatasi.