Zima taa kabla ya kupiga picha ya kazi ya mikono

Ukipiga picha ya kitu ulichokifuma au kukisuka, zima taa ya chumbani kwanza. Kiweke mezani kando ya dirisha, mwanga ukijie ubavuni, kisha usimamishe karatasi nyeupe upande wa pili. Mwanga wa ubavuni huacha vivuli vidogo kati ya nyuzi, na hivyo ndivyo vinavyoonyesha ufumaji. Flashi ya simu huvifuta, kazi ya wiki mbili ikaonekana bapa. Karatasi hurudisha mwanga kidogo penye giza. Isiwe ya rangi, itaambukiza kazi yako. Na taa je? Balbu nyingi zina umanjano, mwanga wa mchana una ubuluu. Vikichanganyika kamera haijui ifuate upi, na uzi mweupe hutoka rangi mbili. (Nilikuwa nailaumu simu bure.)

Njia hii hukwama jua likipiga dirishani moja kwa moja, vivuli vinakuwa vikali mno: tundika kitambaa cheupe chepesi, au subiri wingu. Kwa shanga za kioo na vitu vya kung'aa haisaidii sana, dirisha zima litajichora juu yake.