Namna ya Kuandika Orodha ya Wabunge Wasiorudi Bungeni: Mwongozo kwa Mifano ya Majimbo ya Tanga

Kila uchaguzi mkuu unapomalizika, katika mabaraza ya kahawa ya Ngamiani, kuanzia barabara ya kwanza hadi zile za mbali, mazungumzo hujikita kwenye jambo moja: nani karudi bungeni na nani hakurudi. Majibu huwa mepesi mno. Mbunge aliyeng'atuka kwa hiari yake, aliyekatwa jina na chama, aliyeshindwa kwenye kura za maoni, yaani kura za ndani ya chama za kumpata mgombea, na aliyeshindwa kwenye sanduku la kura, wote husemwa kwamba wameangushwa. Miaka kumi baadaye hakuna anayekumbuka tofauti, na kijana anayetaka kuandika historia ya jimbo lake hukuta simulizi zinazopingana. Mwongozo huu ni wa mtu yeyote, awe mwalimu wa uraia, mwandishi wa habari wa redio ya jamii au mwanafunzi, anayetaka kuweka kumbukumbu hiyo vizuri, na mifano yake karibu yote imetoka katika mkoa wetu wa Tanga kwa sababu mkoa huu una kila aina ya tukio ambalo mwandishi wa orodha anaweza kukutana nalo.

Kazi huanza na orodha ya waliokuwa wabunge siku Bunge lilipofanya mkutano wake wa mwisho, wala si orodha ya waliotangazwa washindi miaka mitano kabla. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoharibu orodha nyingi. Chukua jimbo la Korogwe Vijijini. Stephen Ngonyani, aliyejulikana zaidi kwa jina la Profesa Maji Marefu, alichaguliwa mwaka 2010 na tena mwaka 2015, akafariki dunia Julai 2018, na katika uchaguzi mdogo uliofuata Timotheo Mnzava akapita bila kupingwa. Kwa hiyo mwaka 2020 aliyekuwa mbunge anayemaliza muda wake ni Mnzava. Anayefanya kazi kwa kutazama matokeo ya 2015 peke yake atamweka marehemu katika safu ya wasiorudi mwaka 2020, jambo ambalo si kosa la hesabu tu bali ni kuikosea heshima familia yake. Orodha sahihi hupatikana kwa kuoanisha wasifu wa wabunge unaowekwa na Ofisi ya Bunge pamoja na taarifa rasmi za majadiliano, yaani Hansadi, za mkutano wa mwisho wa Bunge husika.

Baada ya majina, tazama ramani ya majimbo. Tume ya uchaguzi inaweza kuligawa jimbo kati ya uchaguzi mmoja na mwingine, na likigawanywa, swali la nani alikuwa akitetea kiti hupata majibu mawili. Katika uchaguzi wa 2010 Tanga ilikuwa na majimbo 11. Mwaka 2015 yakawa 12, kwa kuwa Handeni iligawanywa kuwa Handeni Mjini na Handeni Vijijini. Kitaifa majimbo yalikuwa 264 mwaka 2015 na mwaka 2020, na kwa uchaguzi wa 2025 yakaongezeka hadi 272. Jimbo jipya halina mbunge anayelitetea, isipokuwa pale ambapo mbunge wa jimbo mama ameamua kugombea katika moja ya vipande vyake, na hapo ni lazima orodha itaje kipande alichokichagua.

Handeni yenyewe ni funzo kubwa zaidi ya hilo la mipaka. Dkt. Abdallah Kigoda, ambaye wakati huo alikuwa pia Waziri wa Viwanda na Biashara, alikuwa mbunge wa Handeni na mwaka 2015 aliteuliwa kuwa mgombea wa CCM katika jimbo jipya la Handeni Mjini. Alifariki dunia tarehe 12 Oktoba 2015, siku chache kabla ya wananchi kupiga kura tarehe 25 Oktoba. Uchaguzi wa ubunge katika jimbo hilo uliahirishwa, kama sheria inavyotaka mgombea aliyeteuliwa anapofariki kabla ya siku ya kura, na ulipofanyika baadaye mshindi akawa Omari Kigoda. Orodha inayotegemea matangazo ya Oktoba itakuwa na pengo hapo, na orodha inayotegemea matangazo ya baadaye bila maelezo itamfanya msomaji adhani kwamba mbunge wa zamani alishindwa. Kwa hiyo kifo kiwe na safu yake, kisichanganywe na kustaafu wala kushindwa, na tarehe iandikwe.

Daftari la mistari la kawaida linatosha kwa kazi hii. Upande wa kushoto andika jina la jimbo, kisha mbunge anayemaliza muda, chama chake na mwaka alioingia kwa mara ya kwanza. Halafu acha nafasi pana kwa ajili ya namna alivyoondoka, na mwisho jina la aliyemrithi. Nafasi ile pana ndiyo kiini cha kazi. Usiijaze kwa neno moja, bali andika hatua aliyofikia: je, alichukua fomu ya kuomba kuteuliwa na chama? Kama alichukua, jina lake lilirudi kutoka kwenye vikao vya uteuzi? Kama lilirudi, alipata nafasi ya ngapi katika kura za maoni? Kama alishinda, chama kilimteua? Na kama aliteuliwa, wananchi waliamua nini? Mbunge huondoka kwenye hatua mojawapo kati ya hizo, na ukishaijua hatua huhitaji kumtafutia jina la kumpachika.

Hatua za ndani ya chama zinahitaji uangalifu kuliko nyingine zote, kwa sababu katika majimbo mengi ya Tanga, ambako CCM imekuwa na nguvu kwa muda mrefu, ushindani mkali hutokea huko na uchaguzi mkuu huthibitisha tu kilichokwisha kuamuliwa. Utaratibu wenyewe pia umebadilika. Mwaka 2010 na 2015 wanachama wa CCM walipiga kura za maoni katika matawi yao. Mwaka 2020 kura hizo zilipigwa na wajumbe wa mkutano mkuu wa chama jimboni, na uamuzi wa mwisho ukabaki kwa vikao vya kitaifa, ambavyo katika baadhi ya majimbo viliteua mtu ambaye hakuwa wa kwanza. Kwa hiyo kushindwa katika kura za maoni mwaka 2010 na kushindwa mwaka 2020 si jambo lile lile: katika tukio la kwanza mbunge amekataliwa na wanachama wengi, katika la pili amekataliwa na wajumbe wachache. Mwandishi makini ataje ni nani waliokuwa na kura.

Bumbuli inafaa kuandikwa kwa kirefu. Mwaka 2010 William Shellukindo, aliyekuwa mbunge wa jimbo hilo, alishindwa katika kura za maoni za CCM na January Makamba, ambaye ndiye aliyeingia bungeni. Makamba akalishika jimbo kwa vipindi vitatu. Mwaka 2025 jina lake halikuwamo miongoni mwa waliorudishwa na Kamati Kuu ya CCM kwenda kupigiwa kura za maoni. Wabunge hao wawili wa jimbo moja la milima ya Usambara waliondoka kabla ya uchaguzi mkuu, lakini kwa njia tofauti kabisa: mmoja alipigiwa kura akashindwa, mwingine hakupewa nafasi ya kupigiwa kura. Mtu akiandika kwamba Makamba alishindwa Bumbuli mwaka 2025, anawabebesha wanachama wa Bumbuli uamuzi ambao hawakuufanya.

Muheza nako, mwaka 2020, Balozi Adadi Rajab, aliyeingia mwaka 2015, hakurudi. Kura za maoni zilimpa ushindi Hamis Mwinjuma, ambaye wengi walimfahamu kwanza kama msanii Mwana FA, na ndiye aliyekuwa mbunge baada ya uchaguzi mkuu.

Kustaafu kwa hiari kuna ugumu wake. Si kila mbunge asiyechukua fomu ametangaza kwamba anapumzika, na si kila anayetangaza kupumzika amefanya hivyo kwa moyo mweupe. Mwandishi hana haki ya kusoma nia. Andika kwamba hakuchukua fomu, na kama alisema hadharani, iwe bungeni au mbele ya wapiga kura wake, taja mahali na tarehe. Uvumi wa kwamba aliambiwa akae pembeni uachwe nje ya orodha, hata kama mji mzima unauamini.

Kwa walioshindwa kwenye sanduku la kura, mfano wetu ulio wazi ni Tanga Mjini mwaka 2015. Omari Nundu, aliyekuwa mbunge tangu 2010 na aliyewahi kuwa Waziri wa Uchukuzi, aliteuliwa tena na CCM, akashindwa na Mussa Mbarouk wa CUF. Hapa hakuna utata: mbunge alifika hadi mwisho na wananchi wakachagua mwingine. Takwimu za kura zitoke kwenye tangazo la msimamizi wa uchaguzi wa jimbo. Na anayetaka kuhakiki kituo kwa kituo atafute nakala za fomu namba 21B, ambayo ndiyo ya matokeo ya ubunge kituoni. Mwaka 2020 jimbo hilo lilirudi CCM kupitia Ummy Mwalimu. Kabla ya kuandika kwamba mbunge anayemaliza muda alishindwa katika uchaguzi kama huo, kwanza litafute jina lake kwenye orodha rasmi ya wagombea walioteuliwa. Kiti kubadili chama hakuthibitishi kwamba aliyekikalia alikuwa kwenye karatasi ya kura.

Ummy Mwalimu anatuleta kwenye jambo linalosahaulika mara nyingi. Aliposhinda Tanga Mjini alikuwa mpya jimboni, lakini hakuwa mpya bungeni, kwa kuwa tangu 2010 alikuwa mbunge wa viti maalumu. Ibara ya 66 ya Katiba inataja aina kadhaa za wabunge: wa majimbo, wanawake wa viti maalumu, wanaochaguliwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na wale wanaoteuliwa na Rais, ambao hawazidi 10. Wa viti maalumu hupatikana kwa orodha za vyama, hivyo asiyerudi hakushindwa na mpiga kura wa kata yoyote. Wapewe ukurasa wao, na anayehamia jimboni aandikwe kwenye kurasa zote mbili.

Wanaohama chama nao wana safu yao. Kwa Ibara ya 71, mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini, ubunge wake unakoma. Baadhi hurudi kwa mlango mwingine: Maulid Mtulia alijiuzulu CUF na ubunge wa Kinondoni, akagombea kupitia CCM katika uchaguzi mdogo wa Februari 2018 na kushinda. Mtu kama huyo ana kipindi kimoja cha Bunge chenye vyama viwili, na mstari mmoja wa daftari haumtoshi.

Kwa madiwani njia ni ile ile, ila vyanzo ni haba. Magazeti hayaandiki nani kashindwa Makorora au Tongoni. Nenda mapema kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata wakati wa uteuzi, nakili majina kabla karatasi hazijabanduliwa, na siku ya matokeo uzitazame fomu za 21C zinazobandikwa vituoni. Waulize makatibu wa kata wa vyama vyote, si wa chama kimoja, kisha linganisha majibu yao.

Mwisho, juu ya ukurasa wa kwanza andika tarehe ambayo orodha ilikamilika, na uache safu tupu kwa ajili ya kesi. Matokeo ya ubunge yanaweza kupingwa Mahakama Kuu, na mahakama ikiyatengua, aliyetangazwa mshindi hupoteza kiti na uchaguzi mdogo ukaitishwa. Jaza safu hiyo kwa namba ya shauri na tarehe ya hukumu, bila kufuta kilichoandikwa awali.