Vifaa vya Kuzoeza Vidole kwenye Rikoda: Mwongozo kwa Walimu na Wazazi wa Lamu

Mtoto anayeanza kupiga rikoda, filimbi yenye matundu ya kufungwa kwa vidole, huambiwa kwanza kwamba hajui kupuliza, ilhali makosa mengi ya mwanzo hutoka vidoleni: tundu limefunikwa nusu, hewa inavuja, na noti iliyotarajiwa inageuka mluzi. Sikio hulisikia kosa, lakini halimwambii mtoto ni kidole kipi kilichokosea. Kifaa cha mazoezi kina kazi hiyo tu, na kisichoifanya hakifai kununuliwa, hata kikiuzwa kwa bei nafuu. Vingi vya vile vinavyofaa hutengenezwa nyumbani.

Anzia kwenye namna ya kushika. Mkono wa kushoto hukaa juu: gumba lake hufunga tundu la nyuma, na vidole vya shahada, cha kati na cha pete hufunga matundu matatu ya kwanza ya mbele. Vidole vinne vya mkono wa kulia hufunga manne yaliyosalia. Gumba la kulia halifungi tundu lolote, na kwa sababu hiyo husahauliwa, ingawa ndilo linalobeba chombo. Mtoto akipiga noti ya D ya juu, gumba la kushoto huachia tundu na mbele hubaki kidole cha kati peke yake, hivyo rikoda inashikiliwa na midomo, kidole hicho na gumba la kulia. Gumba hilo lisipokuwa na mahali maalumu, chombo huyumba, na mtoto hukibana kwa meno au hushusha kidole kisichohitajika ili rikoda isianguke.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kutengeneza ni kiegemeo cha gumba. Kata kipande kidogo cha lapa kuukuu, upana wa kama sentimita moja na nusu, uchonge upande mmoja ubonyee ili upokee mviringo wa rikoda, kisha ukifunge nyuma kwa mipira miwili ya kufungia, usawa wa kati ya tundu la nne na la tano. Gumba hukaa chini yake na kuusukuma uzito juu. (Malapa mabovu hatutayakosa: jahazi la Flipflopi, lililoshushwa majini hapa Lamu mwaka 2018, lilifunikwa kwa vipande vyake.)

Kifaa cha pili ni ngozi ya kidole chenyewe. Mwambie mtoto afunge matundu yote, abonyeze kwa sekunde chache, kisha ageuze vidole atazame. Duara kamili katikati ya nyama ya kidole laonyesha kwamba tundu lilifungwa. Duara lililokatika upande mmoja laonyesha hewa ilipopitia, na mara nyingi utaona kwamba mtoto alitumia ncha ya kidole karibu na ukucha. Kubonyeza huku ni kwa ukaguzi tu. Alama zikiwa nzito baada ya kupiga wimbo, vidole vimekazwa mno na havitakwenda kasi. Wakati wa kaskazi, jasho linapotelezesha vidole, kitambaa cha pamba chatosha. Sishauri poda, kwa kuwa huingia matunduni na kuganda.

Vibandiko vya rangi vinavyobandikwa kando ya matundu vinapendwa, lakini humfundisha mtoto kuangalia vidole badala ya kuvihisi. Afadhali kipande chembamba cha plasta kando ya tundu la kwanza na la nne, ambacho kidole kitakigusa bila msaada wa macho.

Chati ya vidole nayo ichaguliwe kwa uangalifu. Kuna rikoda za mfumo wa vidole uitwao wa Kibaroki na za mfumo wa Kijerumani, ulioenea kuanzia miaka ya 1920, na noti ya F hupigwa tofauti. Katika ule wa Kijerumani, F hupatikana kwa kufunga tundu la gumba na manne ya kwanza ya mbele. Katika ule wa Kibaroki, la sita na la saba hufungwa pia. Tazama matundu: la tano likiwa dogo kuliko la nne, chombo ni cha Kijerumani. Mtoto aliyepewa chati isiyolingana na chombo chake atalaumiwa bure.

Kwa mazoezi ya kimya, ambayo katika mitaa kama Mkomani, nyumba zilikogusana, huwafaa majirani pia, rikoda huegemezwa kidevuni na vidole vikasogezwa bila kupuliza. Kila kidole kinachotua sawasawa hutoa mlio mdogo. Hapo ndipo pa kufanyia kazi badiliko la B kwenda C ya juu, ambapo shahada hupanda na kidole cha kati hushuka kwa pamoja: ukisikia kidole cha kati kikitua baada ya shahada kuondoka, vidole vimeachana. Weka metronomu ya simu, yaani programu inayotoa mapigo yaliyo sawa, kwenye mapigo 60 kwa dakika, noti moja kwa kila pigo, na usiongeze kasi mpaka badiliko liwe safi. Vidole vikiruka juu mno, mwenzake ashike rula sentimita mbili juu ya matundu. Kidole kinachogonga rula kimepanda kupita kiasi.

Kiegemeo cha gumba chaweza kubaki miaka yote. Plasta iondolewe mara mtoto atakapoweza kushika rikoda gizani na kupata G bila kupapasa.